Mkono Wangu na Mashine ya Salome

Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2008. Saa tisa alasiri. Upepo wa Dodoma umeamka na hasira zake. Tangu asubuhi unatumwagia vumbi kama mtu anayepepeta ulezi bila kuangalia nani kakaa nyuma yake. Niko kwenye kafe ya intaneti karibu na soko, kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, ile ambayo herufi R mpaka uigonge mara mbili kama mlango wa mdeni.

Moyo haujatulia. Kuna mtu namshuku. Kushuku watu ni kazi yangu ya uzeeni, naifanya kwa bidii, lakini safari hii mshukiwa ni mimi mwenyewe.

Nianze na Salome, maana ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni mwezi wa tatu. Alisema, "Andika huko, mtani, masikio yangu yana kazi nyingine."

Salome ni mpangaji wangu. Anakaa chumba cha mbele nyumbani kwangu Kizota, kile chenye dirisha la barabarani. Ni Mhehe wa Iringa, mwalimu msaidizi wa fizikia kwenye chuo kikuu kipya kule vilimani, na papo hapo yeye mwenyewe ni mwanafunzi, anasomea udaktari. Si udaktari wa sindano, ni wa namba. Profesa wake yuko Ulaya. Huku chuoni bado wanapiga plasta. Chumba cha kompyuta ni mlango tu, ukiufungua unakuta mifuko ya saruji. Kwa hiyo mashine yake ya kazi ameiweka chumbani, juu ya meza niliyoichonga mimi. Inanguruma kutwa kucha. Juu ya soketi amebandika karatasi ya maandishi mekundu: USIZIME.

Mimi tangu utoto ukiniandikia usifanye hivi, vidole vinaanza kuwasha.

Wiki ya kwanza aliniamkia shikamoo kila asubuhi, kama binti aliyelelewa. Wiki ya pili akajua mimi ni Mgogo, nikajua yeye ni Mhehe, shikamoo zikafa siku hiyohiyo. Kwa wasiojua: Wagogo na Wahehe ni watani. Babu zetu walinyang'anyana ng'ombe mpaka wakachoka, wakaona nafuu wachekane. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mchungaji wako. Anaweza kuchukua kitu chako ukiwa unamwangalia, na huna ruhusa ya kununa.

"Mzee, bado hujafa?" Hiyo ndiyo salamu yake.

"Nakusubiri wewe unibebe," namjibu. "Nyie kwa kubeba vya watu hamjambo."

Mwezi wa tano alinichukua jogoo akamla na walimu wenzake. Manyoya alinirudishia ndani ya bahasha ya kaki, ina jina langu lote, na mbele yake ameandika Mheshimiwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wiki iliyofuata nikamchukulia viatu vyake vya kanisani, vile vya kisigino, nikaivalisha miguu ya mbele ya kiti changu cha barazani. Kiti kikakaa kinaangalia mbinguni siku nzima na yeye akaenda kusali na kandambili. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Sasa mashaka yangu yalianzia wapi? Yalianzia kwenye mchicha.

Mwezi wa saba alikuwa barazani anachambua mchicha. Nikamwuliza ile mashine inafanya nini siku zote hizo.

"Inaiga leza inavyong'oa elektroni kwenye molekuli ya haidrojeni."

Katika maneno yote hayo, mimi nililijua moja, haidrojeni, na nililisikia redioni likiwa limeandamana na neno bomu. Siku zilezile kulikuwa na magari meupe yanazunguka Bahi, watu wenye vidude vinavyolia tik tik wanapima udongo, eti wanatafuta urani, na mimi nina majaruba yangu ya mpunga Bahi. Nikajumlisha: magari meupe, haidrojeni, Mhehe. Jumla haikunipendeza.

"Hiyo leza iko wapi?"

"Haipo, mtani. Ni ya kwenye hesabu."

"Na haidrojeni?"

"Nayo ya kwenye hesabu."

"Kwa hiyo leza hakuna, haidrojeni hakuna, na profesa Ulaya anasubiri matokeo."

"Ndiyo."

"Matokeo ya nini sasa, mwanangu?"

Akaweka mchicha chini. Sifa zake nampa, huwa hachoki kumweleza mtu wa darasa la sita. Akasema chukua zizi la miiba, ndani kuna mbuzi, na mbuzi huyo hana nguvu ya kuruka ukuta. Ghafla unakuja upepo mkali usio na mfano, unalaza ukuta wa zizi upande huu, unauinua, unaulaza upande wa pili, yote hayo kabla mwenye zizi hajageuza shingo. Upepo ndio leza. Mbuzi ndiye elektroni. Ukitazama, mbuzi yuko nje.

"Aliruka?"

"Hakuruka."

"Alibomoa?"

"Hakubomoa. Ukuta ulipolala ukawa mwembamba, akapenya. Alijikuta tu upande wa pili."

"Mbuzi wa namna hiyo huku tunamjua," nikamwambia. "Kila akipenya, asubuhi unakuta nyayo za Mhehe nje ya zizi."

Alicheka, akaendelea. Molekuli yake, anasema, ni mazizi mawili yaliyoungana, ndani yake mbuzi wawili. Anachotaka kujua ni hiki: mazizi yakiwa yamepangwa kuufuata upepo, na yakiwa yamepangwa kuukingama, je, mbuzi wanatoka sawasawa? Na tukio zima ni la muda mdogo kiasi kwamba ukilipima kwa kupepesa jicho, huko kupepesa ni kama kungoja reli ijengwe tangu Dar mpaka Kigoma.

"Na mashine yako inalihesabu kwa muda gani?"

"Siku kumi na moja."

Hapo akanipoteza kabisa. Kitu kimekwisha kabla sijafumba jicho, yeye anakihesabu siku kumi na moja. Nikamwuliza kwa nini asikadirie tu. Akasema mashine lazima iulize kila mahali, na kila hatua ndogo ya muda, mbuzi yuko hapa kwa kiasi gani, yuko pale kwa kiasi gani. "Nikiruka hatua, mtani, jibu litatoka tu. Ila litakuwa la uongo, na litakuwa zuri."

Kisha akanionyesha karatasi ya majaribio ya mwanzo. Namba zimejipanga kama siafu, kila moja ina mkia wa tarakimu kumi.

Nilipoziona zile namba nikajua huyu ni mwizi mwenzangu.

Nieleze kwa nini, ingawa hili sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Zamani, kabla mambo hayajawa ya soko huria, nilikuwa mhesabu ng'ombe kwenye josho moja upande wa Chamwino. Ng'ombe wanapita kwenye maji ya dawa kuuawa kupe, mimi nimekaa ukutani na daftari, kila ng'ombe kijistari. Ikafika wakati dawa ikawa haiji. Watu wakaacha kuleta mifugo, maana kuogesha ng'ombe kwa maji matupu ni kuwachosha. Lakini wilayani walikuwa wanataka namba kila Ijumaa, dawa ipo, haipo.

Nikaandika. Nilikaa juu ya ukuta wa josho kavu, nikaogesha ng'ombe kwa kalamu.

Mwongo mchanga huandika mia, au mia mbili. Mimi nilikuwa fundi. Niliandika mia moja na kumi na saba. Niliandika mia mbili na tatu, wiki ya mvua nikapunguza. Namba ikiwa na mkia, mkubwa wa ofisi anaamini kuna mtu alihesabu. Walinisifu. Kisha jirani yangu, Mzee Chibago, ng'ombe zake wakaanza kufa na ndigana, ugonjwa wa kupe, mmoja baada ya mwingine. Alipokwenda wilayani kulia kwamba dawa haipo, wakamfungulia daftari. Ng'ombe zake wameogeshwa kila wiki, hii hapa.

Alikufa akinihesabu mimi rafiki.

Lile josho siku hizi kuna mtu binafsi anafyatulia matofali. Lakini mimi toka wakati huo nikiona mtu anajaza namba za kitu kisichokuwepo, najua naangalia kioo.

Basi nikamtegea Salome mtego, na mtego wenyewe niliuona wa akili sana. Nilijiambia hivi: mpika namba hahitaji mashine. Ukimkatizia mashine, hatajali. Atakaa siku mbili, ataandika matokeo, atatuma. Lakini anayehesabu kweli, ukimkatizia, ataumia.

Wiki ya mwisho ya Agosti, saa nne asubuhi, yeye amekwenda kufundisha. Nikatoka mpaka kwenye swichi kubwa ya nyumba, pale nyuma karibu na jiko. Nikaishusha. Mngurumo ukafa. Nikahesabu hadi mia, nikaipandisha. Kulikuwa na kibetri cha kushikilia umeme, lakini kilikwisha kufa tangu mwezi wa sita, nilijua.

Aliporudi nilimwambia umeme ulikatika. Nikaongeza na sonyo la kuwasonya watu wa umeme, ili sauti iwe ya kweli.  Akaingia, akaiwasha upya kutoka siku ya kwanza.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Mimi nikashuku kwamba ananiigizia.

Jumamosi ya tarehe sita nikarudia, amekwenda sokoni. Safari hii alikaa kwenye ngazi na kikapu chake cha nyanya, hakukiingiza ndani mpaka jua likamfikia miguuni. Nikamletea chai. Nikamtania kwamba Mhehe akilia mvua inahama. Hakunijibu vizuri. Alisema tu kwamba profesa amemwandikia: matokeo yawe yamefika mwisho wa mwezi, yasipofika kipande hiki cha kazi anapewa mwanafunzi mwingine, na shahada yake yeye inasimama pale ilipo. Miaka minne. Mama yake Iringa ameshaanza kumwita daktari mbele ya majirani.

Kesho yake, Jumapili, akaanza tena. Akaniambia ameiongezea maagizo, sasa kila siku inaandika mahali ilipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika itaendelea badala ya kuanza upya. Alikuwa na furaha. Akaniuliza kama bado sijafa.

Hapa nataka niandike ukweli kama ulivyo. Kufikia hapo nilikwishajua Salome hapiki namba. Mtego ulikwishaleta jibu, mara mbili. Sikuwa na sababu.

Jana, Jumatano, saa nne asubuhi, nikaishusha mara ya tatu.

Nilijiambia hasara haipo, si alisema itaendelea ilipoishia? Nilitaka kuona kama ni kweli. Au nilitaka tu. Mzee wa miaka sabini na moja amesimama nyuma ya jiko lake mwenyewe, amenyanyua mkono, ananusa huku na huku kama paka.

Kumbe saa nne ndiyo saa yake ya kuandika. Kila siku, saa nne, inafuta ya jana na kuandika ya leo. Mimi nilikata wakati ya jana imefutwa na ya leo haijamalizika. Siku ya kumi kati ya kumi na moja. Hayo nimeyajua kwake, jioni, anamweleza mwenzake kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa watu asiowajua.

Leo mchana ndipo lilipokuja lenyewe. Nyumba ya pili kuna Mama Furaha, mwenye friji, anauza barafu za ukwaju. Salome alikwenda kununua maji, akarudi, akanikuta barazani namenya muwa. Hakukaa.

"Mtani, Mama Furaha anasema jana kwake umeme haukukatika."

"Mama Furaha anakumbuka nini yule. Juzi kaniuliza mke wangu hajambo."

"Anasema barafu zake zilikuwa ngumu mpaka jioni. Na ile Jumamosi. Na ile ya Agosti."

"Basi itakuwa fyuzi," nikasema. "Nyumba hii ya zamani. Upepo nao."

Aliniangalia. Nimeangaliwa na wakubwa wa wilaya, nimeangaliwa na mahakimu wawili, sijawahi kushusha macho. Leo niliangalia muwa.

"Haya," akasema. "Asante, babu." Kisha akapiga goti kidogo, kama wasichana wanavyofundishwa. "Shikamoo."

Saa saba mchana. Tumeonana tangu asubuhi. Hakuna mtu anaamkia saa hizo mtu aliyekwisha kumwona. Mdomo wangu ulifunguka, marahaba haikutoka.

Aliingia chumbani. Nilingoja mngurumo. Haukuja. Nikapita dirishani, ndiyo, nilichungulia, nimeshaandika makubwa kuliko hilo. Alikuwa anakunja nguo. Sasa najiuliza, anakunja za kufua, au anakunja za safari? Kuna sanduku kitandani, lakini sanduku hilo liko hapo siku zote. Unaona? Bado nashuku. Ni ugonjwa.

Nimekuja huku kwa miguu, upepo unanisukuma, na njia nzima nilikuwa natafuta utetezi. Ulionijia ni mmoja tu, utani. Kwamba Mgogo amemchezea Mhehe, basi, alichukua jogoo wangu, nimechukua siku zake, tumalizane. Nimeusema kwa sauti pale karibu na reli, mama mmoja akanipisha.

Haukusimama. Jogoo alichukuliwa naona. Manyoya yalirudi na jina langu. Viatu vyake nilivivalisha kiti hadharani, mtaa mzima ukaja kutazama. Mtani huchukua akiwa anacheka na wewe unaona. Mimi nilichukua siku tano, nikachukua nyingine, nikachukua kumi, na kila mara nilinyanyuka mwepesi kumlaani mtu mwingine. Hilo lina jina jingine, na nilimwita nalo yeye wakati anachambua mchicha.

Mbuzi alitoka, ukuta haukubomoka. Nyayo nje ya zizi ni zangu.

Salome, ni mimi. Mara zote tatu.

Na watu wa umeme, kwa hayo matatu, nawaomba radhi. Mengine yenu yanabaki palepale.

Nimefanya mawili kabla ya kutoka nyumbani. Beberu wangu, yule mwenye doa jeupe shingoni, nimemfunga kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha mbele. Akimchinja sitanuna. Akiniletea ngozi ndani ya bahasha nitaivaa kanisani. La pili, nimekihamisha kiti changu kutoka barazani, nimekiweka nyuma, chini ya ile swichi. Leo ni tarehe kumi na nane. Nimehesabu kwa vidole, halafu nikahesabu tena kwa vijistari kama zamani, vya kweli safari hii: akiiwasha kesho, inamaliza tarehe thelathini. Mwisho wa mwezi wenyewe. Inatosha, mradi pasiwe na mkono. Mgao wa umeme ukija ni wao, lakini mkono hautakuja. Nitakaa hapo siku zote kumi na moja, na mashaka yangu yote nitayaweka kwenye kazi yenye faida. Nitamshuku kila apitaye, nikianza na huyu wa kulia mwenye vidole vitano.

Haifuti ya Mzee Chibago. Sijasema inafuta.

Kijana wa kafe amekuja kunionyesha saa. Amesoma mstari wa mwisho juu ya bega langu, akaniuliza, "Mzee, unaiweka hewani hii? Wasomaji wako si wanne tu?"

Ni wanne. Mwanangu wa Mwanza, wawili nisiowajua, na Salome, ambaye huusoma ukurasa huu kila Ijumaa asubuhi kwenye kompyuta ya ofisi yao, halafu huja nyumbani kunisahihishia koma.

Kesho ni Ijumaa. Atarudi kama saa tano, atasukuma geti kwa kiuno kama kawaida yake. Nitakuwa kule nyuma, nitasikia tu sauti. Akiuliza kwa nini bado sijafa, nitajua nina mtani.

Na akiniamkia shikamoo, marahaba nitaitoa wapi?